Tone Jekundu kwenye Kabureta

Adelphi, Maryland
12 Machi 2006

Mama Jelagat,

Mimi ni mzima, na natumai baridi ya Liège haijakugandisha vidole, maana vidole hivyo ndivyo vilivyokupeleka huko. Tulikubaliana simu iwe ya kusalimiana na barua iwe ya kuambiana, kwa kuwa kwenye simu tunagombana kabla kadi haijakwisha. Basi nakuambia.

Jelagat alikuja wikendi kutoka chuoni, akala, akafua, akaondoka. Nilimuuliza kwa Kiswahili kama amesikia mama yake anarudi lini hasa. Akanijibu, "Dad, just ask her." Haya, nakuuliza. Mwezi wa nane ni mwezi wa nane, au kuna mengine?

Jumamosi nilikwenda ile yadi ya magari mabovu kule Laurel. Nimepata vishikio viwili vya milango na mkono wa kupandishia kioo, vyote vya Corvette ya mwaka sitini na sita, kama alivyotaka mwajiri wako Ferdinand. Mwenye yadi anaitwa Kalamu. Ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani, na anakisema sanifu kunishinda. "Ndugu yangu, ungependa kuvitazama vipuri vya aina gani leo?" Mimi namjibu, "Aah, niangalie tu, bro." Ananitazama kwa huruma.

Vishikio nimevisafisha, nimekaza skrubu moja moja, na kila skrubu nimeitia tone la ile rangi yako nyekundu ya kucha. Chupa inakaribia kwisha. Unanijua tangu gereji yetu ya Nakuru: kitu nilichokikagua hakitoki mkononi mwangu bila tone. Mwambie Ferdinand hivyo, ajue anashughulika na fundi.

Sasa, hiyo picha. Niliomba picha ya gari, umeniletea picha ya Ferdinand. Euphrasia wa saluni ya Langley Park alipokutafutia kazi kwa mjomba wake alituambia ni mzee. Mzee gani anavaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vyekundu ndani ya gereji? Na mkono wake uko kwenye mlango wa gari au kwenye bega lako? Nimeipeleka picha dirishani na bado sijaelewa.

Mugo


Liège
27 Machi 2006

Baba Jelagat,

Mkono uko kwenye mlango. Mlango ulikuwa unataka kuanguka. Hilo tumelimaliza.

Vishikio vimeingia bila kupigwa hata nyundo moja. Ferdinand aliviinua kwenye mwanga, akaona matone, akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaviangalia tena.

Gari lenyewe ungelipenda. Ni la buluu, la wazi, na lilikaa miaka ishirini kwenye banda la mkulima huku kuku wakilitagia ndani. Bodi ni ya faiba kwa hiyo haikuoza, lakini chasisi ilikuwa imeliwa na kutu hadi unapitisha kidole. Sasa tumeinua injini, na chasisi tumechomelea na kuipaka rangi. Mwenyewe ni daktari wa meno, anataka kumpeleka binti yake kanisani nalo mwezi wa tisa. Nje linabaki kama lilivyotoka kiwandani, ila ndani wanaliboresha: gia tano badala ya nne, rejeta kubwa, feni ya umeme ili lisichemke kwenye foleni. Najua utapiga kelele kuhusu gia. Piga tu.

Viti nimevivua hadi springi. Ngozi ya zamani nimeifumua uzi kwa uzi ili nijue walishona vipi, na sasa naikata mpya kwa kuifuata. Kiti kimoja kinanichukua wiki mbili. Hapa hakuna anayeniambia niharakishe, Mugo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya kazi hivyo.

Sasa sikiliza. Tunahitaji kabureta. Iliyokuwemo imepasuka. Namba imegongwa kwenye chuma chake juu, karibu na mahali hewa inapoingilia, na nimekuandikia kwenye karatasi nyingine kwa herufi kubwa. Iwe hiyo hiyo. Zinafanana sana, lakini wewe macho yako nayajua. Hii usikosee, tafadhali. Usiniulize kwa nini nakusisitiza.

Chepngetich


Adelphi
23 Aprili 2006

Mama Jelagat,

Kabureta nimeipata! Nilirudi yadi Jumamosi tatu mfululizo. Ya tatu Kalamu mwenyewe akanipeleka nyuma ya mabati, kwenye Corvette iliyogongwa ubavu, akasema, "Huenda bahati imekusimamia." Namba ndiyo hiyo hiyo. Nimeifungua yote juu ya meza ya jikoni, nimeiosha kwa petroli (nyumba inanuka, jirani amelalamika), nimeweka gaskiti mpya. Nitaituma wiki ijayo.

Gia tano ni kuharibu gari. Nimesema.

Nilikwenda kunyolewa, nikapita kumsalimia Euphrasia. Kumbe Ferdinand ni mjane. Hilo hukuniandikia. Kumbe ana nyumba yenye bustani, na bustanini kuna meza, na mezani mlikula Pasaka. "Weye hukujua?" Euphrasia ananiuliza, sega mkononi, wateja wote wakinigeukia. Nikasema nilijua. Nilitoka hapo masikio yakiwaka moto.

Nakuambia waziwazi kwa kuwa barua haioni haya: nina wivu. Nimesoma barua yako mara sita. Unaandika "tumeinua injini." Unaandika "tumechomelea." Hiyo "tu" ni nani na nani? Mimi ndiye niliyekuonyesha spana namba kumi na tatu ni ipi. Mimi ndiye niliyekuletea kiti cha kwanza cha Peugeot ukishone, ukalia kwa sababu sindano ilikuchoma. Leo wewe uko kwenye Corvette, na mimi niko kwenye nyumba ya wazee hapa Adelphi nawasafishia watu meno ya bandia. Ni wazee wema, siwasemi. Bwana Peterson wa chumba cha nne alikuwa na gari kama hilo ujanani, na kila asubuhi nikimvalisha soksi ananisimulia lilivyonguruma. Kila asubuhi! Nilikaribia kumvalisha soksi mbili mguu mmoja.

Kwa hiyo sijui namwonea wivu nani. Ferdinand kwa kukaa nawe, au wewe kwa kukaa na gari. Vyote viwili, nadhani, na vyote vinauma.

Mugo


Liège
2 Mei 2006

Baba Jelagat,

"Tu" ni mimi, Ferdinand, winchi, na daktari wa meno aliyeshika tochi na kutumulikia machoni. Pasaka tulikula watu kumi na mmoja, pamoja na kasisi. Kuku alikuwa mgumu. Sikukuandikia kwamba ni mjane kwa sababu nilijua ungefanya hivi hivi ulivyofanya.

Unafikiri mimi sina wivu? Ulipokuwa na gereji, nani alikuwa anakaa nje kwenye benchi na viti vyake, na mvua ikinyesha anaambiwa ajisogeze ili gari lipite? Wateja walikuwa wanakushukuru wewe kwa viti nilivyoshona mimi. Ukawa unasema "karibu tena." Sikusema kitu miaka tisa. Sasa nasema.

Lakini sikuandika nigombane. Nataka kukuambia kwamba huenda nikakaa zaidi ya mwezi wa nane. Pengine hadi Desemba. Kuna jambo nalipika hapa na halijaiva, na nikilifunua mapema litaharibika. Niamini tu. Na kabureta, Mugo, itume haraka. Daktari anakuja mwisho wa mwezi kusikia injini ikiwaka.

Chepngetich


Adelphi
14 Mei 2006

Chepngetich,

Kabureta hiyo hapo.

Desemba ni mbali. Natumai linaloiva litakuwa tamu kwenu wote wawili.

Mugo


Liège
3 Juni 2006

Mugo,

Nilifungua boksi mbele ya Ferdinand na daktari. Daktari alikuja na mkewe, na mkewe alikuja na keki. Nilipoondoa taulo, hata kabla ya kusoma namba, nilitafuta tone. Nikaigeuza juu chini. Nikatazama kila skrubu. Hakuna hata moja.

Namba si yenyewe. Hii ni ya pikapu. Lakini namba mtu anaweza kuisoma vibaya, na kama ungeisoma vibaya ungetia tone juu ya kosa lako, kwa sababu ungekuwa umeikagua na kuiamini. Kwenye hii hukutia. Mwezi wa nne uliniandikia kwamba ile ya kweli unayo, juu ya meza yangu ya jikoni. Ulikuwa na mbili, ukachagua hii ukijua, na mkono wako ukakataa kuitia alama. Nilisimama pale na taulo la bafuni kwangu mkononi, na niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Ferdinand aliifunga hata hivyo, akasema mume wa Chepngetich hawezi kutuma takataka. Injini ilikohoa, ikamwaga petroli, ikatoa moshi mweusi uliomfikia mke wa daktari na keki yake. Hakuna aliyekula.

Sasa nakuambia nililokuwa nalipika. Ferdinand anatafuta fundi wa injini. Tangu Februari nimekuwa nikimwambia yuko mmoja Adelphi anayevalisha wazee soksi. Akasema wanawake wote wanasifu waume zao, acha tumpime bila yeye kujua: aagizwe vipuri, achague mwenyewe, tuone vinavyofika. Vishikio vilipita. Mkono wa kioo ulipita. Kabureta ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ingewaka siku ile, barua ya kukuita ilikuwa imekwisha kuandikwa. Nilitaka nibaki hadi Desemba kwa sababu ungekuja Septemba.

Nilikuficha kwa sababu nakumbuka ile gereji ya Arlington, walipokuita, ukapiga pasi ovaroli, halafu wakakuuliza cheti cha Kimarekani na kukupa ufagio. Ulilala siku mbili umegeukia ukuta. Sikutaka nikupe tumaini jingine la kukuvunja. Nilikosea kukuficha, nakubali. Lakini langu lilikuwa kosa la kukuhurumia. Lako sijui niliite nini.

Ferdinand aliniuliza swali moja tu. "Bwana yako alijua ao hakujua?" Nikaanza kulikunja taulo. Akaamua mwenyewe kwamba hukujua, kwamba wewe si fundi, ni mtu wa kubadilisha oili anayependwa na mkewe. Alinihurumia kwa sauti ya upole sana. Ningeweza kumwambia kwamba ulijua, nikashindwa, kwa sababu hiyo nayo si sifa.

Usinipigie simu.

Chepngetich


Adelphi
12 Juni 2006

Mzee Ferdinand,

Hunijui. Mimi ni Mugo, mume wa Chepngetich. Shikamoo.

Nimeambiwa umeamua kwamba sijui kabureta. Mzee, mimi nilifungua kabureta yangu ya kwanza nikiwa na miaka kumi na nne, na nikiziba macho naweza kukwambia kwa kidole ipi imechoka. Niliyokutumia ilikuwa ya pikapu, na nilijua ni ya pikapu. Ile yako ilikuwa chini ya sinki, ndani ya sufuria ya ugali, nimeifunika na kifuniko. Mwezi mzima nilikula wali.

Nilifanya hivyo kwa wivu. Niliona picha yako na viatu vyekundu. Nilisikia una bustani. Mke wangu aliponiandikia kwamba atabaki, nilisema moyoni, gari lisipowaka atarudi. Nilikuwa natamani lisiwake. Nilitamani mabaya kwa gari ambalo mke wangu ameshonea viti kwa vidole vyake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Sikuombi kazi. Najua mlango huo nimeufunga mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja: uniite mwenye wivu, uniite mwongo, lakini usiniite mtu asiyejua kazi. Wivu nitaufanyia dawa. Jina la fundi likishachafuka sina jingine la kujiitia, hasa katika nchi hii.

Kabureta ya kweli imo ndani. Matone yako tisa. Yahesabu.

Mugo wa Nakuru


Liège
1 Julai 2006

Bwana Mugo,

Barua yako ilifika, nilisoma mara mbili. Kiswahili yangu ni ya Lubumbashi, yako ni ya Kenya, lakini tutasikilizana.

Nilihesabu matone. Ni tisa. Nilifunga carburateur miye mwenyewe, na kuzungusha clé mara ya kwanza tu moteur iliitika, pole pole, muzuri sana, kama vile haikukaa miaka yote ile na kuku. Docteur alilia. Mutu muzima! Kisha akaniomba nifute ile rangi nyekundu, eti haiko ya origine, haikutoka kiwandani. Nilikatala. Nilimwambia ile ni sinyatire, ni saini ya fundi, na kama anaifuta aende kutafuta atelier ingine.

Sasa ile kazi. Sitakudanganya. Nilishaipatia mutu mwingine mu mwezi wa sita, siku tano mbele ya barua yako kufika. Ni kijana wa Poland. Anajua kazi, si sana. Nilishamupa neno langu, na siwezi kulirudisha kwa sababu nimepata mutu anayenipendeza kuliko yeye.

Unasema ulikuwa na wivu juu yangu. Miye niko na miaka makumi sita na moja. Mugongo unaniuma. Bibi yangu alikufa, na jioni ninakula mikate na fromage, ile jibini, nikiwa peke yangu. Ile suti nilivaa kwa sababu ilikuwa anniversaire, siku ya kukumbuka ndoa yetu, miye na ye, na nilikuwa natoka ku makaburi. Bibi yako hapa anaongea vitu viwili tu: viti, na weye. Kwa viti ninamusikiliza. Kwa weye nilikuwa nimeshachoka.

Yule aliyekuwa na wivu, Bwana Mugo, alikuwa miye. Hakuna mutu anayenificha carburateur ndani ya sufuria ili nirudi kwake.

Ferdinand


Liège
9 Julai 2006

Baba Jelagat,

Ferdinand alinisomea barua yako, halafu akanisomea ya kwake kabla ya kuipeleka posta. Hakuniruhusu kubadilisha kitu.

Gari limewaka na linaondoka Jumamosi. Jana walinipandisha, kiti cha abiria, tukazunguka kando ya mto. Nilikuwa nimekikalia kiti nilichokishona mwenyewe na mbele yangu injini inanguruma kwa kabureta uliyoiosha wewe jikoni kwangu. Nililia kidogo, kwa furaha na kwa hasira. Ungekuwa umeshika usukani, Mugo. Kila nikifikiri hilo natamani kukutupia kiatu.

Limekuja gari jingine, jekundu, viti vyake vimeliwa na panya hadi chuma. Ferdinand ameniomba nibaki hadi Desemba, na safari hii si kwa ajili ya kukungoja wewe. Ameniomba kwa ajili ya mkono wangu. Nimekubali. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu nilijua ningekuuliza ungenificha sufuria nyingine.

Nakupenda, hilo halikuwa swali hata siku moja. Sijakusamehe, lakini nimeanza. Desemba tarehe kumi na sita natua Dulles saa tisa alasiri. Usichelewe.

Kwenye karatasi nyingine kuna orodha ya vipuri. Ukikataa nitamwomba Kalamu avitume mwenyewe.

Chepngetich


Adelphi
30 Julai 2006

Mama Jelagat,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Nilianza kukujibu mara nne. Ya kwanza iliuliza kijana wa Poland ana umri gani. Nimeichana. Ya pili iliuliza mlipozunguka kando ya mto nani alikuwa anaendesha. Nayo nimeichana, lakini ujue niliiandika.

Wivu haujaniisha. Nilidhani ukishasemwa unatoka, kumbe unabaki pale pale, umevaa viatu. Ila nimegundua nikiwa na kipuri mkononi unanyamaza kidogo. Kwa hiyo nimekwenda Laurel kila Jumamosi. Kalamu ameniambia, "Naona umepata kazi ya kudumu, ndugu yangu," nami sikumsahihisha.

Nilimsimulia Bwana Peterson kwamba liko gari kama lake, la buluu, limempeleka daktari wa meno nyumbani likiimba. Nikamwambia viti ameshona mke wangu. Alitaka nimweleze mshono, nikamweleza wote, hata pale sindano inapopita mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kukusifu mbele ya mtu bila kujitia mle ndani. Lile benchi la Nakuru silisahau tangu barua yako ya Mei. Samahani kwa mvua.

Sufuria nimeisugua kwa mchanga, lakini ugali bado una harufu ya petroli kwa mbali. Ninaula hivyo hivyo. Ukirudi tutanunua nyingine.

Ndani ya boksi kuna bawaba mbili, pampu ya petroli, na kufuli la mlango. Chupa yako ya rangi iliisha, nimenunua mpya. Msichana wa dukani aliniuliza kama ni ya mke wangu, nikamwambia ni yangu. Skrubu zote pamoja ni kumi na saba. Hesabu matone kabla hujafunga chochote. Likikosekana hata moja, usinifichie. Mwambie Ferdinand, halafu niandikie mimi.

Mugo